Cha Kukunjwa

Binti yangu anashona viatu, na kisu kwake si kitu cha kuchezea. Nilipomwekea changu juu ya benchi, katikati ya soli na kopo la gundi, hakukigusa. Aliniangalia mimi kwanza.

"Umeuziwa tena, baba?"

"Kitazame basi, mama."

Kilikuwa kisu kidogo cha mfukoni, rahisi kuliko vyote pale sokoni, mpini wa mbao nyeusi. Lakini bapa lake! Limejaa mistari ya kijivu na myeupe, inapinda na kukimbizana kama maji yanayopita juu ya mawe. Muuzaji aliniambia maneno mawili tu: "Cha kukunjwa, mzee." Nami huko nilikopita nimewahi kukaa na wahunzi, nikawaona wakikunja chuma chekundu kama mtu anavyokunja shuka, wanakiponda, wanakikunja tena, tabaka juu ya tabaka. Nikajua ndicho hicho.

Binti alicheka mpaka akaweka sindano chini. Akakifunga, kach! Akakifungua. "Cha kukunjwa, baba. Kinakunjwa hivi. Basi! Mwenzio kakwambia ukweli mtupu, uongo umejiuzia mwenyewe."

Halafu akakikagua sawasawa. Akatikisa bapa: linacheza kidogo. Akalifunga polepole: linakwaruza upande mmoja wa mpini. Kufuli la bapa linashika, hilo alikubali. Makali akayajaribu kwenye kipande cha ngozi, yakapita kimya kimya. Akainua nyusi, akazishusha haraka nisione.

"Kukata kinakata. Ila haya maua ni chapa ya juu juu, kama ya kwenye kikombe."

"Si chapa."

"Jana umetia chumvi kwenye chai ukainywa yote. Leo unaona mpaka ndani ya chuma?" Akashusha sauti. "Baba, kama hutofautishi chuma na mchoro, macho yamekwenda. Na bila macho, safari ya kesho hakuna. Begi nalifungia kabatini."

Hakuwa anatania. Na mimi nikikaa mahali pamoja hata usingizi hunikimbia.

"Kipige msasa," nikamwambia.

"Nini?"

"Futa yote. Chapa ikifutika imekufa. Kama ni tabaka, kitie kwenye siki ya moto; siki hula kila tabaka kivyake, mistari itarudi."

"Isiporudi?"

"Begi lako, kabati lako."

Akasugua. Mistari ikafifia, ikakatika, mwisho bapa likabaki jeupe, bubu, utadhani kijiko. Alikuwa ameshinda, lakini hakucheka. Akapasha siki, akaimimina kwenye glasi, akalitumbukiza bapa na mpini ukabaki nje.

Chumba kizima kikanuka siki. Mteja aliyefuata kandambili zake alipiga hodi, hakuitikiwa, akaenda zake. Vipovu vidogo vikaanza kupanda. Kisha, karibu na ncha, pakatokea kitu kama pumzi kwenye kioo. Kivuli. Kivuli kikawa mstari, mstari ukapata mwenzake, ikapinda pamoja, na nyuma yake ikaja mingine, hafifu, inapanda bila haraka kuelekea mpini, kila mmoja njia yake ileile.

"Mungu wangu," binti akanong'ona. Uso wake ulikuwa umegusana na glasi. "Nimeifuta mwenyewe. Kwa mkono wangu huu."

"Umefuta ngozi tu."

"Kumbe imo ndani. Muda wote imo ndani."

Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kuringa. Nikayaacha, nikasogea. Tuliinamia glasi ile wawili, mzee na binti yake, kama watu wanaomchungulia mtoto mchanga.

Baadaye alikisuuza, akakikausha kwa aproni, akakaza skrubu mpaka bapa likaacha kucheza, akatia tone la mafuta. La kabati hakulitaja. Alilivuta begi langu kutoka chini ya benchi, akakitia kisu mfuko wa pembeni kwa mkono wake. Nikashika zipu.

"Subiri kwanza, baba," akasema, akakitoa tena, akakifungua kuelekea dirishani. "Naangalia tu."