Jerono na Mkwe Wake Wapitia Ulaya

Asubuhi moja ya Machi, mwaka wa tisini na mbili, Jerono alikuwa akichemsha mayai jikoni kwake, huko juu Endebess, na mkwe wake Wabwile alikuwa amejificha kwenye ghala la mahindi. Mayai yalipoiva aliyapoza kwenye maji, kisha akamtuma binti yake Cherop ayapeleke ghalani, kwa sababu mama hamkabidhi mkwe chakula mkono kwa mkono. Hapakuwa na ugomvi. Ndiyo iliyokuwa heshima yao: hawakula pamoja, hawakupeana mikono, na wakitembea mmoja alikuwa mbele na mwingine nyuma kabisa. Tangu Wabwile amwoe Cherop, Jerono hakuwahi kumtazama usoni, lakini alikijua kikohozi chake, na alimpenda.

Nyumba ya Wabwile ilikuwa imechomwa juzi. Waliochoma walisema watu wa Bungoma warudi Bungoma. Ni kweli Wabwile alizaliwa Kabuchai, huko Bungoma, kwenye miwa. Cherop hawakumgusa, kwa kuwa alikuwa msichana wao. Mtoto mchanga wa Cherop na Wabwile ndiye hawakujua wamweke upande gani. Walimfunua shuka, wakamtazama, wakamfunika tena vizuri, wakasema watarudi wakishaamua.

Kulikuwa na habari kwamba huko Bungoma serikali ina lori linalowafuata walioachwa nyuma. Ilibidi Wabwile afike akiwa hai, aombe lori lije kwa Cherop na mtoto. Jerono angemsindikiza, kwa kuwa yeye barabarani walimjua. Alibeba shanta ya jeshi aliyoiacha marehemu mumewe, na Wabwile akabeba ile ambayo Cherop alikwenda nayo shule. Waliondoka umande ukiwa bado kwenye nyasi, Jerono mbele, Wabwile nyuma kama urefu wa shamba dogo.

Kwenye kizuizi cha kwanza palikuwa na gogo, vijana, na pinde. Mkubwa wao alikuwa Kiplagat, mtoto wa kaka yake Jerono.

"Shangazi, umeamka?"

"Nimeamka. Mguu wa mama yako je?"

"Umepoa kidogo. Na huyo wa nyuma?"

"Ni wangu."

"Ati wako? Mbona umemwacha huko kama mbuzi wa jirani?"

"Ni mkwe wangu. Unataka nimshike mkono kama mchumba?"

Vijana walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Kiplagat naye alicheka kidogo, halafu akaacha.

"Shangazi, leo huyo si mkwe. Ni mtu wa Bungoma."

"Ni vyote viwili."

Kiplagat alimtazama Wabwile, aliyekuwa amesimama mbali na kofia mkononi. "Pitieni haraka kabla wale wengine hawajakuja. Lakini kwenye kizuizi cha darajani hawakujui. Huko mtembee pamoja, ama hamfiki." Akaliinua gogo ili shangazi yake asiiname na mzigo. Mkono wa pili haukuachia uta.

Waliendelea. Jerono alipunguza mwendo ili Wabwile amkaribie. Wabwile, alipoona mama anapunguza, naye akapunguza, kama alivyofundishwa. Wakaenda hivyo, kila mmoja akimsubiri mwenzake, na nafasi kati yao ikabaki ileile. Kule mbele moshi ulikuwa ukipanda darajani na wanaume walikuwa wakiimba. Walipopinda kona, barabara ya murram iliisha, yakaanza mawe yaliyochongwa na kupangwa, na wakawa Ulaya.

Jerono aliutambua mji mara moja. Ulikuwa kwenye kalenda ya duka la Anil huko Kitale: uwanja uleule, kisima cha maji yanayoruka, na kanisa lenye minara miwili ya kijani.

"Ni ule wa Februari," alisema bila kugeuka.

"Naona, Mama," alijibu Wabwile.

Uwanjani walikuwepo watu wengi wenye shanta mgongoni, vijana waliochomwa na jua puani, na hao waliwaitikia kwa kichwa kama wasafiri wenzao. Mama mmoja alimvuta mbwa wake ili Jerono apite. Kwa kuwa wote walikuwa wakitembea polepole na kutazama, nao wakatembea polepole na kutazama, Jerono upande huu wa barabara na Wabwile upande ule.

Walitazama kanisa. Ndani yake mtu wa mawe alikuwa amelala juu ya kaburi lake mwenyewe, mikono kifuani, na Jerono alimpa pole. Walitazama madirisha yenye maua na saa kubwa yenye vinyago vinavyotoka na kurudi. Kengele ilipolia, Wabwile alilala kifudifudi nyuma ya kisima, kama alivyolala kwenye mahindi juzi. Vijana wawili wenye shanta wakalala kando yake, wakidhani ndivyo kisima hicho kinavyotazamwa. Walikaa chini mpaka kengele ikanyamaza, kisha mmoja akampangusa Wabwile vumbi mgongoni, akaenda zake.

Jerono alinusa moshi. Alitembea mpaka alipopata ulikotoka: mzee mmoja alikuwa akichoma aina ya njugu nene kwenye jiko la makaa. Jerono alisimama akakagua jiko lote, juu na chini, mpaka akaridhika kwamba hakuna kitu kingine kinachoungua mle. Mzee hakumfukuza. Alimkunjia karatasi, akamtilia njugu za moto, akampulizia zipoe.

Mchana njaa ikawashika. Kulikuwa na hoteli iliyoweka meza nje, lakini meza iliyobaki ilikuwa moja. Jerono alisimama akiwa ameipa mgongo. Wabwile alisimama upande wa pili, naye akiwa ameipa mgongo. Mhudumu, mzee mwenye miguu iliyovimba, aliwatazama kwa muda. Aliingia ndani, akarudi na kitambaa cheupe cha meza, akakifunga kwenye mwavuli na kwenye kiti, kikaning'inia katikati kama pazia. Kisha akawavutia viti, kila mmoja upande wake. Yeye alizungumza lugha yake na wao yao, na ilitosha.

Walikula supu, samaki, na mkate wenye ganda gumu. Ililetwa pia jibini, ambayo Jerono aliionja akaona kuna mtu aliyasahau maziwa, lakini hakusema, kwa sababu mzee yule alikuwa ametembea sana. Jua lilikuwa zuri. Watu waliokuwa karibu walinyoosha miguu, wakafumba macho. Jerono alisikia mkwe wake akitafuna, jambo ambalo hakuwahi kulisikia, akaona aibu, kisha akasikia ameacha kutafuna, akaona hofu.

"Unakula?" aliuliza kupitia kitambaa.

"Inashuka kwa shida, Mama."

"Ishushe. Una mtoto."

"Mama, hawa wakikaa hivi mchana kutwa, nani anachunga nyumba zao?"

"Hata mimi nimejiuliza. Naona hakuna."

Wabwile alikohoa kile kikohozi chake, mara mbili, na Jerono akajua analia. Alichukua kipande cha mkate, akakisukuma kwa kijiko chini ya kitambaa mpaka upande wa pili. Baada ya muda kikachukuliwa.

Hakuna aliyewadai kitu. Mhudumu aliwaonyesha njia ya kushuka mtoni, ambako wageni walikuwa wakipanda mashua kutazama mji. Ng'ambo kulikuwa na kijani kibichi. Ili kufika huko kulikuwa na daraja, na Wabwile alipoliona alisimama akashika ukuta.

"Siwezi, Mama."

Jerono alivuka kwanza. Katikati ya daraja msichana alikuwa akipiga filimbi na mwanamume mmoja alikuwa akimlisha njiwa begani mwake. Hakuna aliyemuuliza anatoka wapi. Alisimama ng'ambo kwa muda mrefu, mgongo ukiwa kwa mkwe wake, mpaka aliposikia kikohozi karibu. Kijani kile kilikuwa miwa. Walikuwa Kabuchai, na jua lilikuwa bado juu.

Walifika Bungoma mjini kabla ya jioni. Uwanja mmoja ulikuwa umejaa watu waliotoka juu, wamekalia mafurushi yao. Mtu aliyeitwa Hiram, mwenye viatu vilivyolowa, aliwapisha kwenye kivuli na kumpa Jerono kibao chake akikalie. Yeye alikuwa amepitia penye theluji. Wengine walipitia kwenye zabibu. Wengine hawakupitia popote, na hao hawakuwepo.

Kwenye meza chini ya hema, kando ya lori, aliketi mkubwa mmoja wa serikali. Zamu ya Wabwile ilipokaribia, Hiram alimnong'oneza.

"Sema mlipitia msitu, bana. Mimi nilisema theluji, nikaambiwa niende nikae."

Wabwile alielewa. Lakini Jerono alikuwa nyuma yake, mahali pa kusikia, na mtu hadanganyi masikioni mwa mama mkwe wake.

"Umetoka wapi?" aliuliza mkubwa.

"Endebess. Mke wangu na mtoto wako huko. Mtoto wanataka kumwamua. Naomba lori."

"Mlipitia njia gani?"

Wabwile alitazama chini. "Ulaya."

"Mkafanya nini?"

"Tulitazama kanisa."

"Mkala?"

"Supu. Samaki. Mkate."

"Mkakaa juani."

"Tulikaa kidogo."

Mkubwa hakukasirika. Alikuwa na sauti ya upole, na alikuwa amewaambia wengi hivyo hivyo. "Basi wewe hukufukuzwa, mzee. Ulienda kutembea. Serikali haiwezi kutuma lori kwa mke wa mtalii. Anayefuata."

Wabwile alibaki amesimama. Jerono alirudisha kibao kwa Hiram, akashukuru, akavaa shanta yake.

"Mama, si ungesubiri asubuhi?"

"Wanaweza kuamua usiku."

"Na darajani?"

"Nitapitia kule kule. Huko hakuna kizuizi. Nitamleta Cherop na mtoto njia ileile."

"Na kama njia hiyo haitafunguka tena?"

Jerono alikaza mikanda ya shanta. Alisema, "Wewe usinifuate. Ukinifuata watakuona."

Wabwile alimfuata hadi mwisho wa mji, nyuma kabisa, kwa urefu uleule wa siku zote. Penye miwa alisimama. Mkwe hampi mama mgongo kwanza, kwa hiyo alimtazama akiingia kwenye kile kijani, kofia yake ikiwa mkononi, na hakusikia kengele wala filimbi, ila majani tu.

Aliporudi uwanjani, lori la serikali lilikuwa palepale, tangi limejaa mafuta. Dereva alikuwa amelala chini yake, kofia usoni, kwa kuwa, kwa hesabu ya mkubwa, hakukuwa na mtu wa kufuatwa.