Maji Yalipofungwa Kaubue

Asubuhi ile Siok-eng alipofika shambani alikuta mfereji umebaki tope. Perege wadogo walikuwa wakitapatapa kwenye vidimbwi, na yangeyange wamejipanga ukingoni wakila bila haraka, kama wageni wa harusi. Majaruba yake, aliyokwisha kuyalima na kuyasawazisha, yameanza kupasuka nyufa. Miche ya mpunga kitaluni ilikuwa imefikia kimo cha kupandikizwa. Ikingoja zaidi ingegeuka njano.

Hakurudi nyumbani. Alishika njia ya kando ya mfereji, kofia yake ya mianzi imefungwa kwa kitambaa kidevuni, mpaka akafika kwenye lango kuu la maji. Lango lilikuwa limeshushwa chini kabisa, limezungushiwa mnyororo mpya na kufuli jipya. Kibao kilisema mfereji umefungwa kwa matengenezo. Hapakuwa na fundi, hapakuwa na koleo, wala hata mfuko mmoja wa saruji.

Akaelewa. Mwezi uliopita, katika mkutano uliofanyika uani mwa hekalu, afisa kutoka mjini alisema kiwanda cha vioo vya simu kinahitaji bonde lote la Kaubue. Tena alisema, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba ardhi itakayokutwa haina mazao itahesabiwa kuwa imetelekezwa, nayo itachukuliwa kwanza. Wakaguzi wangefika na kamera zao wiki hii. Na mpunga bila maji haupandwi.

Alikwenda moja kwa moja kwa shemeji yake, Bun-hiong, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye ndiye mwenyekiti wa kijiji. Alimkuta kibarazani anakunywa chai.

"Karibu shemeji. Umekula?"

"Nimekula. Nani aliomba mfereji ufungwe?"

Bun-hiong akamimina chai kwenye kikombe cha pili, taratibu, akakisogeza upande wake. "Shemeji, kaa kwanza. Unahema."

"Nimeuliza nani."

"Ofisi ya maji ndiyo inayofunga na kufungua."

"Ofisi ya maji haijui hata Kaubue iko wapi mpaka mwenyekiti aiandikie."

Mwanamume yule alitazama kikombe chake. Hakukana.

"Watoto wako wako Taipei," alisema. "Hakuna atakayerudi kushika jembe. Wewe magoti yanakuuma, kila mtu anakuona. Sisi tuliosaini kuuza si wajinga. Ukisubiri kulazimishwa, utatoka mikono mitupu. Nakusemea kwa wema."

"Mwenye wema angekuja mchana akaniambia, 'Shemeji, nakufungia maji.'" Siok-eng aligeuka kuondoka. Chai hakuigusa. "Kaka yako amelala juu ya kilima kile, anatuona wote wawili. Mimi nitajua la kumwambia. Wewe tafuta lako."

Ofisi ya kijiji ilikuwa mlango wa pili, na ndani yake kulikuwa na kile kipaza sauti ambacho Bun-hiong alitangazia siku za chanjo na za kupitisha gari la taka. Mlango ulikuwa wazi kama kawaida. Siok-eng aliingia, akabonyeza kitufe alichomwona shemeji yake akikibonyeza miaka nenda rudi, akakohoa, na kikohozi chake kikasikika mpaka mwisho wa mashamba.

"Mimi Siok-eng, mjane wa Bun-liong. Maji yamefungwa ili mashamba yetu yaonekane mahame. Kesho baada ya uji nakwenda kufungua lango. Nasema mapema ili asitokee mtu akasema niliiba. Mwenye kutaka kuja, aje. Mwenye kutaka kuniripoti, aripoti pia, ila asinicheleweshe."

Alipotoka alikutana uso kwa uso na Bun-hiong, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi. Walipishana mlangoni.

Siku ya pili Siok-eng alikwenda langoni akiamini yuko peke yake. Usingizi ulikuwa umempita mbali, na njiani moyo wake ulikuwa ukimpigia hesabu za aibu: watu watachungulia madirishani, watasema mama wa watu amechanganyikiwa. Lakini alipopinda kwenye kona ya mipopoo aliwakuta. Wazee kwa wazee, wengine juu ya pikipiki zao chakavu, wengine na mikongojo. Bibi Kiok, jirani yake, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, midomo myekundu kwa tambuu.

"Umechelewa," Bibi Kiok alisema. "Mtangazaji mzima unachelewa."

"Bibi, wewe shamba lako limeshasainiwa. Umefuata nini?"

Hilo lilikuwa kweli, na kila mtu alilijua. Mwanawe alitia saini wakati mama yake yuko hospitali anafanyiwa upasuaji wa jicho. Bibi alirudi nyumbani anaona vizuri, na kitu cha kwanza alichokiona ni vigingi katika shamba lake.

"Langu limekwenda," bibi alijibu, akatema mate mekundu kando. "Mikono haikusainiwa."

A-tsuan, fundi wa matrekta, alikata mnyororo kwa grenda, cheche zikaruka, watu wakashangilia. Furaha haikudumu. Gurudumu la kunyanyulia lango halikuwapo. Lilikuwa limefunguliwa na kuchukuliwa, likabaki shina la chuma lenye mikato ya skrubu, tupu, limesimama kama kidole.

Wakalitazama wote. Mzee mmoja alianza kusema afadhali wapeleke malalamiko mjini.

"Malalamiko hayamwagilii," A-tsuan alisema. Akaenda kwenye gari lake, akarudi na spana kubwa ya bomba, akaibana kwenye shina, akaichomekea bomba refu ili mikono mingi ipate pa kushika. "Hili litatuuma mgongo. Zamu kwa zamu."

Ndipo pikipiki ya polisi ilipofika, na nyuma yake Bun-hiong. Askari alikuwa kijana wa pale pale, Ka-bing, aliyekuwa akioga katika mfereji huo huo utotoni. Alivua kofia, akaivaa tena.

"Mama zangu, hii ni mali ya serikali. Nitalazimika kuandika majina."

"Umekula, mwanangu?" Bibi Kiok alimuuliza.

"Nimekula, bibi."

"Basi andika. La kwangu uangalie, herufi zake zina mistari mingi. Mwalimu wako alikuwa akilikosea."

Watu wakacheka, na Ka-bing naye ikambidi ainamie daftari lake kuficha uso. Bun-hiong hakucheka. Alipita katikati yao akaenda kusimama mbele ya shina la lango, mikono ameitandaza.

"Mtafungwa," alisema. "Mtafungwa kwa ajili ya mpunga ambao hata mbwa wa mjini hali. Nani atakuja kuwaleteeni nguo jela? Mimi. Tena mtanitukana mimi."

Siok-eng, kwa mara ya kwanza tangu jana, aliona kwamba mtu huyu anaogopa kweli, wala hakujua ni ofisi ipi au ahadi ipi anayoiogopa. Alimwonea huruma, lakini hakurudi nyuma. Alisogea mpaka kofia yake ikakaribia kumgusa kifua.

"Shemeji, ondoka hapo. Nikikusukuma watu watasema mjane wa Bun-liong kamshika mwanamume mbele ya kadamnasi. Nami nitakushika. Sina haya tena, umri umeniondolea."

Kicheko kilipanda tena, safari hii cha wanawake. Bun-hiong alibaki pale kidogo, masikio yamemwiva, kisha akasogea kando. Hakuondoka, wala hakusaidia.

Walisukuma. Mwanzoni shina halikutikisika. A-tsuan alilipaka grisi, wakasukuma tena, Siok-eng magoti yakimchoma kama pilipili, mpaka chuma kikalia na lango likanyanyuka upana wa kiganja. Maji yalitoka ya kahawia, yakiburuta majani na chupa za plastiki, yakashika njia ya bondeni. Hakuna aliyeshangilia. Waliyafuata kwa miguu, kila mmoja akilitazamia jaruba lake.

Walipanda siku ile na iliyofuata. Mashine za kupandikiza hazikutosha, kwa hiyo waliokumbuka kupanda kwa mkono walishuka matopeni na kuwaita waliosahau. Bibi Kiok alipanda katika shamba la Siok-eng, mistari yake imenyooka kuliko ya mwenye shamba, na hakuacha kulisema hilo.

Wakaguzi walikuja: dada mmoja wa ofisi ya ardhi mwenye kamera, na bwana wa kampuni mwenye kofia ngumu. Bonde lilikuwa limejaa maji yanayong'aa, na vichipukizi vya kijani juu yake.

"Hii imepandwa jana," bwana yule alisema kwa hasira.

"Kila mpunga una jana yake," Siok-eng alimjibu kutoka jarubani, bila kuinua mgongo. "Hata wewe kuna siku ulikuwa huna meno."

Dada wa ardhi alipiga picha. Kisha aliinama akachukua na ya karibu, ya mche mmoja, kabla ya kuendelea.

Siok-eng na A-tsuan walishtakiwa kwa uharibifu wa lango. Hakimu aliwatia hatiani, akawapa onyo. Siok-eng aliomba radhi kwa ajili ya mnyororo, akakataa kuomba radhi kwa ajili ya maji. Upande wa magharibi wa bonde uliandikwa kuwa ardhi inayolimwa, ukatolewa katika mpango. Upande wa mashariki, uliokwisha kusainiwa, ulikwenda wote, na shamba la Bibi Kiok likiwamo. Leo pana ukuta mweupe wa kiwanda hapo, na taa zake huwachanganya majogoo wa kijiji. Bun-hiong alihamia ghorofani mjini. Siku ya kusafisha makaburi huja, hufagia kaburi la kaka yake upande mmoja na Siok-eng upande wa pili, wakiulizana habari za watoto.

Bibi Kiok bado anafika kila msimu, anapanda kwa Siok-eng, anakula mchana pale, anabeba mchele wake.

Mwaka huu tena wapimaji walipita wakati watu wamelala mchana, wakachomeka vigingi vyenye rangi nyekundu kwenye matuta ya upande wa magharibi. Siok-eng aliving'oa vyote, akavibeba begani hadi bustanini kwake, akavisimika upya mstari mmoja, maharage yakavipanda. Mpimaji alipokuja kuviulizia alimwonyesha.

"Vyako ni hivi hapa," alimwambia. "Ngoja nivune, utavichukua."