Kambi Ilifana, Wote Wanasema

...na kwa nini wasifu hivyo, Joyceline alijiuliza, pembe mbili za hema kubwa mikononi, Faida kule upande wa pili wa ukumbi ameshika pembe zake mbili, kwa sababu mtu hasifiwi miezi miwili mfululizo kwa kambi ya watoto ya siku sita bila jambo, watoto thelathini na wanane, hakuna aliyevunjika mkono, hakuna aliyeumwa na nyoka, hakuna aliyezama mtoni, sawa, ilifana, mchungaji alisema madhabahuni, wazazi wa Granville, mtaa wao hapa Sydney, waliandika kwenye kundi la WhatsApp mpaka akachoka kusoma, lakini Januari imekwisha, Februari imekwisha, leo asubuhi ametoka na sweta na majani yameanza kudondoka mlangoni pa kanisa, na watu bado wanasifu, na wakisifu wanamtazama Faida kwanza... "Vuta kidogo upande yako, Mama Raheli," Faida alisema, naye akavuta, akavuta zaidi ya alivyoombwa, huyu Faida wa Bukavu, siku za kazi yuko ghala moja huko Smithfield, kambini alikuja kupika tu, wali na maharage, sasa kila mtoto anamkimbilia, na mbaya zaidi Raheli, Raheli wake mwenyewe, miaka kumi na miwili, ukimuuliza kwa Kiswahili kambi ilikuwaje anajibu "It was fine, Mum" na mlango unafungwa, lakini baada ya ibada anaomba kurudi na gari la Faida, anakaa kiti cha mbele wakinong'ona, na Jumapili iliyopita Joyceline alipotokea nyuma yao walinyamaza wote wawili, na kile kipochi cha kitenge anachokificha chini ya mto nani alimpa, anaitaka kambi huyu Faida, mwakani ataiongoza yeye, na ameanzia kwa mtoto, ukitaka kuingia kwa mtu mbembeleze mwanawe... "Iko kitu nilitaka kukuambia tangu mwezi wa kwanza," Faida alisema, ehe, hiyo imekuja, Joyceline akakaza vidole, jibu analo siku nyingi, kambi hii niliianzisha mimi, ulikuwa hujafika hata Sydney... "Raheli alinikataza, lakini moyo yangu imechoka. Siku ya tatu, kule kambini, mtoto alianza kwenda mwezini." ...siku ya tatu, siku ya tatu ilikuwa siku ya kupiga makasia, alikuwa na filimbi shingoni, orodha mkononi, na Raheli akaja na taulo kiunoni, jua lote lile na taulo kiunoni, akasema "Mum", naye hakugeuka, maana walikubaliana nyumbani, hapana, hawakukubaliana, yeye ndiye aliyesema, huko hakuna mama, huko mimi ni Miss Joyceline kama kwa wenzako, watu wasije wakasema napendelea, "Mum", mara ya pili, chini kidogo, na yeye, "Panga mstari, Raheli," kwa sauti, watoto wakacheka, na akajipongeza moyoni, hata mwanangu simpendelei... "Akakuja jikoni," Faida alikuwa akisema, "nikamupa pedi, nikafua suruali, nikamushonea kakipochi ya kuwekea. Akasema, usimwambie mama, kambi yake inaenda vizuri, usimuharibie." ...usimuharibie, mtoto amebeba hilo miezi miwili, na siku yake mwenyewe Joyceline, kule nyumbani Moshi, mama yake aliacha jembe palepale, akamchemshia maji ya kuoga, akamchinjia kuku mzima, akakaa naye mchana kutwa kitandani akimweleza, mama aliyekuwa hana hata dakika ya kukaa... "Alilia?" aliuliza, na sauti ikatoka ndogo. "Mwanzo tu," Faida alisema. "Kiisha tulicheka, tulicheka mpaka nikamwaga chai." Hema lilikuwa bado linaning'inia kati yao, halijakunjwa hata mara moja, Faida akisubiri kwa upole upande wake, mwanamke aliyegombana naye moyoni wiki nane bila mwenyewe kujua, na asante ilikuwa pale kooni, tayari, lakini lililomwasha zaidi ya asante ni kutaka kujua walicheka nini, yule mtoto wake na huyu mwanamke, siku ile, jikoni, na akaogopa kuuliza.