Mume wa Mama Henriette Kutoka Ndola

Miaka ile ya Zaire, mtu wa Kalemie alikuwa na jina la ofisini na jina la nyumbani. Shuleni mwalimu wa Kiingereza alikuwa Citoyen, yaani mwananchi, kama serikali ilivyoagiza, na jina la ubatizo hakuna aliyelitamka. Kwa Mama Henriette, aliyeanika ndakala, dagaa wa huko, kando ya ziwa, alibaki Papa Isidore tu. Mama yule hakuwa na muda wa kubadilisha majina ya watu.

Siku moja alimwendea mwalimu huyo akiwa bado ananuka samaki. Mjukuu wake Kalenga, mtoto wa binti yake Florentine aliyeolewa Zambia, angekuja likizo kwa mara ya kwanza. Mtoto alijua Kiingereza na Kibemba, Kiswahili hata chembe. Wangekaa pamoja wiki mbili, na hofu ya Mama Henriette ilikuwa moja: aje mgeni, aondoke mgeni.

"Papa Isidore, kufundisha, mu Kingereza banasema namna gani?"

"Njo *teach*, Mama. Lakini hii neno iko na heshima yake. Inataka mutu kwanza, kitu kinakuja nyuma. *I teach Kalenga Swahili.* Usianze na Swahili."

Akalirudia njia nzima, na ufukweni akawafundisha ndakala wake mpaka majirani wakadhani jua limempiga kichwani. Kesho yake alirudi kuuliza "mume wangu" kwa Kiingereza husemwaje. Papa Isidore, mgane wa siku nyingi, akakohoa, akafuta miwani, akampa maneno bila kuuliza kitu. Angeuliza, mambo yangekuwa mepesi. Lakini muungwana naye ana matumaini yake.

Kwao Mama Henriette, mjukuu aliyepewa jina la babu ni mume wa bibi yake. Hata akiwa bado anatambaa, anaitwa bwana na anatengewa chakula kwanza. Na marehemu mumewe alikuwa Kalenga. Basi meli kutoka Mpulungu, bandari ya Zambia, ilipofika, akafungua mikono mbele ya bandari nzima: "*Welcome, my husband!*"

Mtoto wa miaka minane akajificha nyuma ya kitenge cha mama yake. Florentine alicheka mpaka akakaa juu ya mzigo. Akamweleza kwa Kibemba kwamba ni kweli, hapa yeye ni mume wa mtu, na hapo ndipo alipoharibu kabisa. Kalenga aliuliza swali moja tu: shule zikifunguliwa, ataruhusiwa kurudi Ndola?

Siku zilizofuata alikula akimtazama bibi yake kwa jicho la pembeni. Kila bibi alipomfuata na "*I teach you Swahili*", sufuria mkononi, mtoto alitimua mbio. Iliuma. Mama Henriette alimwambia Florentine waziwazi kwamba yule mume wa kwanza hakumwogopa hivi.

Asubuhi moja, akigeuza ndakala mchangani, alikumbuka: mtu kwanza. Na yeye alikuwa amemkimbiza mtoto na Kiswahili kama anayefukuza kuku. Akaokota ndakala mmoja, akakaa chini, miguu ameinyoosha.

"Kalenga," alisema taratibu. "*You teach me.*"

Mtoto akasogea. "*Fish*," alisema.

"Fishi."

"*Fish*," alirudia, na sasa alikuwa ameokota kijiti na kutembea mbele yake kama mwalimu wake wa Ndola. Akamfundisha mchanga, jua, inzi. Alikuwa mkali kupita kiasi, na Mama Henriette alikosea makusudi hata neno alilolijua. Kabla ya jua kuzama, mwalimu mwenyewe alionyesha ndakala kwa kidole, akataka kujua huku wanamwitaje.

Kutoka hapo maneno yaliingia yenyewe. Bibi akamfunulia mambo ya ndoa yao: mume wa namna hii hana kazi, ana haki ya kulalamika tu. Kalenga aliipenda haki hiyo. Akionja bukari, ugali wa huko, alitikisa kichwa: "Muke wangu, hii haijaiva." Nyumba nzima ikaangua kicheko.

Siku ya kurudi, Papa Isidore naye alikuja bandarini. Alikwisha kumjua mume aliyetajwa, na alijicheka mwenyewe. Meli ilipopiga honi, Kiingereza chote kilimpotea Mama Henriette. Kichwa kidogo kikachomoza juu ya ukingo wa meli.

"Muke wangu! Usiolewe na mungine. Mimi nitarudia huku."

Bandari nzima ikageuka. Papa Isidore akavua miwani, akaanza kuifuta.

"Ndiyo, bwana wangu," Mama Henriette alijibu kwa sauti, akicheka na machozi yanamtoka.