Upinde Namba Kumi na Saba

"Panda," alisema Zam. "Bado. Panda tena."

Vidole vya Yasiri vilikuwa vinapanda ukuta wa chumba chao, kimoja baada ya kingine, vikiuvuta mkono wa kulia. Zam, mkewe, alisimama kando na kipande cha makaa kutoka kwenye sigiri, akingoja vidole vikwame aweke alama. Ukuta mzima ulikuwa na alama hizo. Ya kwanza ilikuwa chini, usawa wa kiuno, ya wiki ile aliyotolewa nyuzi hospitalini Arua. Ya juzi ilikuwa juu ya mlango. Mwenye nyumba alishaziona, akasema watapaka chokaa wenyewe siku ya kuhama. Sijui alidhani watu wazima wanachora ukutani kwa raha!

"Imepita!" Zam alipiga kigelegele kidogo. "Baba Sule, imepita ya juzi!"

"Weka alama basi, mkono unachoka."

Yasiri alikuwa askari wa ghala la simsim hapa Koboko, askari wa upinde. Watu wa huku wanajua: kampuni ndogo ya ulinzi haina bunduki. Inakupa koti, filimbi na tochi, halafu inakwambia uje na upinde wako mwenyewe. Ukija nao, wanaupaka namba kwa rangi nyeupe, na tangu siku hiyo hautoki kazini bila ruhusa. Upinde wako, namba yao. Wa Yasiri ulikuwa kumi na saba. Aliuchonga kiangazi kizima kwao Midia, akiupaka mafuta na kuukausha juu ya moshi wa jikoni, na kati ya askari wote hakuna aliyeweza kuuvuta mpaka sikioni ila yeye.

Miezi saba iliyopita mtunza ghala alimwomba asaidie kupanga magunia. Rundo likamwangukia, mshipa wa bega ukakatika. Kampuni ikasema kazi ya askari si kubeba magunia, kwa hiyo bega hilo ni lake peke yake. Ng'ombe wawili wa Midia wakauzwa, pesa ikaishia kwenye upasuaji. Jina lake waliliacha kwenye orodha bila mshahara, kwa sharti moja: kabla miezi saba haijaisha, aende ofisi ya Arua, apige mishale mitatu kwenye gunia, hatua ishirini na tano, na yote ishike. Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Asipopita, jina linafutwa.

"Vuta polepole," Zam alimwambia akimfunga vifungo vya shati. "Daktari alisema."

"Upinde yangu haijui polepole, Mama Sule."

"Basi uifundishe. Mimi sitaki kukuogesha tena kama mtoto."

Alicheka, lakini hofu ilikuwa palepale. Kwa miezi mitatu alikuwa anavuta mpira wa tairi la baiskeli uliofungwa mlangoni. Mpira si upinde. Na daktari hakumficha: mshipa ukikatika tena, hakuna cha kushona.

Petroli ilikuwa imepanda tena, na nauli ya Arua nayo. Saa tatu alikuwa mlangoni pa ofisi. Susana, karani, aliipokea barua ya hospitali, akairudisha.

"Tunataka kopi tatu, mzee."

"Si mna mashine hiyo hapo?"

"Umeme iko wapi?"

Alizunguka mji mpaka akapata duka lenye jenereta, akapanga foleni nyuma ya wanafunzi. Aliporudi, Afande Ezati, msimamizi wa mkoa, alikuwa anakunywa chai. Alipomaliza chai akaanza kuongea na simu. Yasiri alikaa kwenye benchi mpaka jua likasimama utosini. Ukuta wa ofisi ulikuwa umepakwa rangi nyeupe juzi tu, bado unanukia. Kwa rangi pesa ilikuwepo.

Hatimaye wakatoka uani. Ladu, askari aliyeshika nafasi yake kule ghalani, alikuwa ametumwa kuleta upinde. Alikuwa mtu mpole, mkimbizi kutoka Yei, ng'ambo ya mpaka, na alimsalimia Yasiri kwa mikono miwili.

"Bega iko aje, mzee?"

"Iko. Tutaiona sasa hivi."

Namba kumi na saba ilikuwa mkononi mwa Ladu, kamba imefungwa tayari. Yasiri alidhani ameifunga asubuhi hiyo kwa ajili ya jaribio. Aliupokea. Aliweka mshale, akasema bismillahi, akavuta.

Upinde ukaja. Ukaja mpaka kidevuni, mpaka sikioni, na bega halikusema neno. Jamani, furaha! Macho yalimjaa machozi. Alimwona Zam na kipande chake cha makaa, akawaona ng'ombe wale wawili, akasema moyoni kwamba hawakwenda bure. Akaachia.

Mshale ulianguka vumbini, hatua tano kabla ya gunia.

Susana alicheka, kisha akajiziba mdomo. Yasiri aliutazama mkono wake, akautazama upinde. Aliweka mshale wa pili, akalenga juu zaidi. Ukafika kwenye gunia, ukaligusa, ukadondoka. Wa tatu nao vilevile.

"Ladu," aliuliza, "kamba ulifunga lini?"

Ladu aliangalia chini. "Nilikuta imefungwa, mzee. Sijawahi kufungua."

"Miezi saba?"

"Walisema ikae tayari, mutu akipita aone iko silaha. Bila kamba inaonekana kama fimbo tu."

"Jua na mvua?"

"Inakaa kwa msumari, inje."

Mtoto yeyote wa Midia anajua: ukimaliza kazi, fungua kamba, upinde upumzike. Ukiuacha umekunjwa, mti unachoka, unasahau kunyooka. Yasiri aliukanyaga ncha moja, akaivua kamba, akaushika mbele ya macho ya Afande Ezati. Haukuwa na kamba, na bado ulikuwa umepinda.

"Afande, ona. Mkono iko sawa. Nyinyi mmeua upinde."

Ezati alikuwa anaandika. "Upinde ni ileile. Namba kumi na saba, ona hapa. Mwaka jana ulipiga nayo, ukapita. Kitu yenye imebadilika ni wewe."

"Nipe ingine. Nipe yoyote!"

"Kila askari na namba yake. Hiyo ndiyo utaratibu."

"Basi andika kwamba upinde imeharibika."

Ezati aliigeuza fomu amwonyeshe, bila hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Hapa iko 'mkono mzima'. Hapa iko 'mkono dhaifu'. Upinde haina mahali. Mimi sikuchapa hii fomu, mzee wangu."

Akatia alama kwenye dhaifu. Akasogeza kalamu. "Weka sahihi, uende."

Yasiri hakuishika kalamu. Chini ya dirisha askari walikuwa wamechemsha chai, na sigiri ilikuwa imepoa. Aliinama, akaokota kipande cha makaa. Akasogea kwenye ukuta mweupe wa ofisi, akaweka vidole usawa wa kiuno, akaanza kuvipandisha.

"Unafanya nini? Mzee! Rangi mpya hiyo!"

Vidole vilipanda, vikiacha doa jeusi kila vilipogusa. Vikapita dirisha. Kwenye usawa wa juu ya mlango bega lilianza kulia, akakaza meno, akasogeza kidole kimoja, na kingine. Uliponyooka wote, mkono mzima juu ya kichwa chake, akachora mstari mnene.

"Mkono wangu inafika hapa," alisema. "Tia hiyo kwa fomu yako."

Alichukua upinde wake. Alitoa kisu kidogo mfukoni, akakwangua namba kumi na saba mpaka mti ukaonekana, na unga wa rangi ukaanguka juu ya karatasi za Ezati. Hakuna aliyemshika.

"Ladu!" Ezati alipiga kelele. "Leta maji na kitambaa! Futa hiyo kitu sasa hivi!"

Ladu aliutazama ule mstari, kisha akamtazama Yasiri aliyekuwa anatoka getini, upinde uliopinda ukining'inia kwenye bega la kulia.

"Siifikii, afande," alisema, na hakuinua hata mkono.