Choo cha Wageni

Ptuu! Hadi leo nikikumbuka siku ile ya wazazi, mate yananijaa mdomoni.

Muhula ule darasa la tatu, darasa la binti yangu Ronah, walisoma jambo moja tu: usafi. Ndivyo wanavyofundisha madarasa ya chini siku hizi, mada moja inazungushwa kwenye masomo yote. Kwenye hesabu wanajumlisha vipande vya sabuni. Kwenye sayansi wanachora nzi na miguu yake michafu. Kwenye dini, Mungu anapenda mwili safi. Hata wimbo walikuwa nao, na Ronah aliuimba sana pale ninapouza samaki wakavu sokoni Bwera, hapa mpakani, mpaka wabadilisha pesa wakaujua.

Lakini mtoto mwenyewe alikuwa hanywi maji. Akitoka shule anakimbilia chooni kabla hata ya kunisalimia. Kliniki wakaniambia mkojo wake una ugonjwa kwa sababu ya kujibana, na akiendelea hivyo figo zitaharibika. Nikamuuliza Ronah kwa nini haendi choo cha shule. Akageuka, akaendelea kupanga samaki.

Siku ya wazazi ndipo nilipoelewa. Nilifika mapema, nikazunguka nyuma ya madarasa. Jamani! Choo cha watoto hakina mlango, mavi yamefurika mpaka kizingitini, funza wanatembea mchana kweupe. Nilitapika chai yote niliyokunywa. Na pembeni yake, choo kipya, sementi inang'aa, maji ya kunawa yapo, sabuni ipo. Na kufuli kubwa mlangoni.

Nikamfuata Hedimasta Byamukama. "Mwalimu, ile choo nzuri mumefunga kwa nini?"

"Mama Ronah, ile iko ya wageni. Watoto watachafua."

Nikamweleza maneno ya kliniki, moja baada ya jingine.

"Pole sana, mama. Tutaangalia."

Mtu wa ofisi akisema tutaangalia, jua ameshafumba macho. Nilitamani kumtemea mate kwenye tai yake.

Tukaketi. Wakubwa kutoka wilayani wako mbele na soda zao. Mwalimu Sophie akawasimamisha watoto na kuuliza, "Choo inatusaidia nini?"

"Kuzuia magonjwa!" wakapaaza sauti wote, na wakubwa wakapiga makofi. Ronah wangu alikuwa mstari wa mbele, amefunga miguu kama mkasi, anaitikia huku jasho linamtoka.

Uvumilivu ukaniishia. Nikasimama. "Hedimasta, naomba ufunguo wa choo. Leo mimi niko mugeni, ama siko?"

Watu wakacheka. Angesema nini mbele ya wakubwa wake? Akautoa mfukoni huku amenuna.

Nikamshika Ronah mkono, tukakimbia. Nikafungua kufuli, nikasukuma mlango. Ndani kulinukia sabuni.

"Ingia, mwanangu."

Akasimama.

"Ronah, ingia!"

Akaishika nguzo ya mlango kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka. "Hapana, mama. Mimi siko mugeni."

Nikamvuta, nikambembeleza, wapi! Akajikojolea pale pale mlangoni. Kisha, kabla sijasema neno, akavua sweta yake ya shule, akapiga magoti na kuanza kuipangusa ile sementi, upesi upesi, huku anaangalia nyuma kama hedimasta anakuja.