Chai Isiyokorogwa Gizani

Kijiko kiligonga kikombe jikoni, ting, ting, na Concilie akafumbua macho. Nje bado giza, na baridi ya Juni ilikuwa imepenya hadi chini ya blanketi. Hakujigeuza. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni.

"Nani huko?"

"Ni mimi, Bibi."

Mjukuu wake Belyse alitokea mlangoni na kikombe cha chai. Mtoto huyu hupenda kulala mpaka aitwe na kuitwa tena, lakini leo alidamka mwenyewe ili bibi yake asiende kazini na tumbo tupu. Concilie aliuona wema huo, akamshukuru, kisha akasema, "Ila usikoroge chai kabla hakujapambazuka, mwanangu. Niletee sukari pembeni, nitajikorogea kukicha."

Belyse alielewa Kiswahili chote, ila majibu yake yalitoka kwa Kiingereza. Alisema hofu ile ya kijiko ilitoka kwenye filamu tu, na kwenye filamu watu wanaigiza, wanalipwa, wanarudi kwao kula.

"Wengine," alisema Concilie. "Si wote."

Alikuwa na sababu yake. Zamani, kambini Kigoma walikokimbilia kutoka Burundi, palikuwa na kibanda cha video chenye jenereta na viti vya mbao. Filamu zilikuwa za Kiingereza, kwa hiyo mkalimani aitwaye Rénovat alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti, akiwaeleza watu kinachosemwa. Kiingereza chake kilikuwa kifupi. Palipopungua maneno alitia chumvi. Kuna kipindi alileta filamu za Mwingereza mmoja, zote za kutisha, zote ndani ya nyumba zilizonyamaza. Katika kila moja, kabla ya jambo baya, kijiko kiligonga kikombe. Katika ile ya mwisho, msichana mdogo mwenye kovu juu ya nyusi alikoroga chai, akainuka, akaenda hadi kisima cha nyuma ya nyumba, na mkono ukamvuta ndani. Maji yakatulia. Rénovat akashusha sauti. "Jamani, mtoto huyu haigizi. Mzungu amemzamisha kweli ili apate picha."

Watu waliamini. Walikuwa wamekwisha kuona wanadamu wakifanya mabaya kuliko hayo, tena bila kamera. Tangu siku ile kambi nzima iliacha kukoroga chai jua likishatua. Aliyekuwa na sukari aliilamba kiganjani, akashushia na chai.

Sasa juzi, huku ughaibuni walikohamia baada ya kambi, kampuni ya kuhudumia wazee majumbani ilimpangia Concilie mzee mpya katika mtaa wa Parramatta, Bwana Douglas, Mwingereza asiyeweza tena kusimama peke yake. Wahudumu wawili walikuwa wamemwacha. Walisema nyumba yake haiwapi amani. Siku ya kwanza, akimvalisha soksi, Concilie aliinua macho ukutani. Msichana mwenye kovu alikuwa anamtazama kutoka kwenye picha, nywele zimelowa, kikombe mkononi.

Jioni Belyse alitafuta kwenye simu. Ndiyo, mzee alikuwa mwongozaji wa filamu, saba kwa jumla. Watazamaji hawakukubaliana juu yake. Kuna walioandika kwamba walitoka ukumbini wakitapika, kuna mama mmoja ambaye mpaka leo hazimi taa ya ujia. Vijana wa sasa waliandika kwamba filamu zenyewe ni ndefu na zinachosha, wakampa nyota mbili.

"Na yule msichana?" aliuliza Concilie.

Belyse alisoma, akakunja uso. Baada ya filamu ile, msichana hakuonekana tena katika nyingine yoyote.

Msimamizi wa kampuni alikuwa ameshasema wazi: Concilie naye akikataa, hakuna mwingine wa kumpeleka, na mzee itabidi ahamishwe apelekwe kwenye makao ya wazee. Jibu lilitakiwa leo. Concilie hakutaka kumtoa mtu nyumbani kwake. Alijua kutolewa nyumbani kulivyo. Lakini mikono yake haikutaka kumwosha muuaji wa mtoto.

Stesheni ya Granville alimkuta jirani yake Chibalonza, mwanamke wa Bukavu anayefanya kazi kwenye ghala.

"Mama Lyse, mbona uko na sura ya mtu anaenda kunyongwa?"

"Naenda kwa yule mzee."

"Ule wa kisima? Si ulisema hawezi hata kusimama? Akikukimbiza, wewe tembea tu."

Concilie alicheka bila kupenda. Chibalonza akavua skafu yake, akamfunga nayo shingoni kwa sababu upepo ulikuwa mkali, kisha akavukia jukwaa la treni yake bila kungoja asante.

Nyumba ya Bwana Douglas ilikuwa ya matofali, karibu na mto. Concilie alitoa ufunguo kwenye kisanduku cha namba kando ya mlango, akaingia. Ndani kulikuwa kimya, kimya kile cha kwenye filamu, kinachokufanya usikie nguo zako mwenyewe. Mzee alikuwa macho kitandani. Alimpa mkono, akaushika wa Concilie muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kama watu wanaoshinda peke yao wanavyofanya.

Concilie alileta beseni la maji ya moto. Alimpangusa uso, akamkausha nyuma ya masikio, bila kutazama ukutani. Alikwisha kuamua kuuliza. Alifungua kinywa aseme, "Mzee, yule mtoto," na hapo hapo, kutoka jikoni, kijiko kikagonga kikombe.

Ting. Ting.

Mzee alikuwa kitandani, Concilie alikuwa kando yake. Hakuna mwingine anayeishi humo. Aliweka kitambaa ndani ya beseni.

"Kuna nani jikoni?" alinong'ona. Mzee alimtazama tu kwa upole. Vifaa vyake vya masikio, vya kumsaidia kusikia, vilikuwa bado mezani.

Mlango wa nje ulikuwa upande wa kulia, jiko upande wa kushoto. Angeweza kukimbia na kufika barabarani. Lakini mzee asingeweza, na hata hakujua kama kuna cha kukimbia. Concilie alimvutia shuka hadi kidevuni. Kisha akaenda kusimama katikati ya mlango wa chumba, mgongo kwa mzee, uso kwa ujia. Hatua zikaanza kuja. Ubao wa sakafu ukalia, ukalia tena, na kwenye kona akatokea mwanamke mwenye nywele zilizolowa, kikombe mkononi, na juu ya nyusi yake kovu.

"Yesu wangu," alisema Concilie.

"Oo, samahani, nimekutisha," alisema yule mwanamke. Nywele zilikuwa na mvi. Alivaa soksi za sufu na kubeba taulo begani. "Mimi Nicole, mpwa wake. Nilifika jana usiku kutoka Wollongong. Nilisikia unaingia nikiwa najikausha bafuni, nikasema nikupikie chai."

Concilie alinyoosha mkono, akamgusa. Ulikuwa mkono wa moto, wa mtu.

"Wewe hukufa," alisema.

Ilibidi aeleze. Alieleza kwa Kiingereza chake cha polepole, Nicole akimvalisha mzee vifaa vya masikio ili naye asikie: kambi, kibanda, Rénovat na chumvi yake. Nicole alicheka mpaka akakaa kitandani. "Nilipata mafua mwezi mzima. Maji yale yalikuwa barafu. Mama alimwambia mjomba, mwanangu hatakanyaga tena kwenye filamu zako."

"Dada yangu alininunia mpaka Krismasi," alisema Bwana Douglas. Hakucheka. Alikuwa anamtazama Concilie. "Na watu kule kambini walifanya nini baada ya kuona?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Concilie alieleza habari ya sukari kiganjani. Kisha akaeleza kwamba jirani na kibanda chake alikuwapo mtoto wa umri kama wa yule msichana, Lyse, ambaye wazazi wake walifia njiani, naye alikuwa analala peke yake. Watu walimpa chakula mchana, lakini usiku kila mtu alifunga mlango wake. Usiku ule wa filamu, Concilie alimsikia akilia ng'ambo ya ukuta wa udongo, na yeye mwenyewe alikuwa anaogopa kulala. Basi alikwenda kumchukua.

"Nilidhani ni kwa usiku ule tu," alisema. "Hakurudi tena kwake. Ndiye mwanangu. Binti yake ndiye amenipikia chai asubuhi hii."

Mzee akauliza, "Alilala upande gani?"

"Upande wa ukutani. Mimi upande wa mlangoni."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu. Nicole alimpa Concilie kikombe. Alikinywa kilivyo, kimeshakorogwa, kitamu kupita kiasi, kisha akachukua kitambaa, akamalizia kumwosha mzee miguu, kidole kwa kidole.

Alipovaa koti na skafu ya Chibalonza, Bwana Douglas aliinua mkono kutoka kwenye shuka.

"Kesho utakuja?" aliuliza. "Na siku nyingine, ukiweza, uje na Lyse na binti yake. Njooni mnione."